Buku na Wanja wa Barabara ya Kumi na Tatu

1

Buku alipanda juu ya kabati kwa mara ya nne tangu asubuhi, akanusa pale pale aliponusa jana na juzi, akateremka. Miguu yake ya mpira haina sauti, lakini mkia unagonga ubao, tak, tak, na kila ukigonga moyo wangu unaruka.

"Kuna nini huko juu?" nikamuuliza.

"Vumbi la kawaida, Bibi. Hakuna risasi."

"Basi kaa chini. Unanizungusha kichwa."

"Sijaruhusiwa kukaa, Bibi. Leo ni siku ya kumi na mbili."

Kama vile nilikuwa sijui! Salha, binti yangu, alikuwa amepiga magoti sakafuni anakunja vigauni vya mtoto, akimaliza anavikunjua, anaanza upya.

"Mama, si ukae basi," akaniambia.

"Nimekaa."

"Umesimama."

Nikatazama miguu yangu. Kweli, nimesimama.

Siku ya kwanza walipokuja kumchukua Zamda, mjukuu wangu wa miaka mitatu na nusu, gari jeupe la Idara ya Vumbi lilisimama hapa mlangoni na majirani wakatoka kuangalia kama wanaangalia jeneza. Damu yake ilisoma kumi na tisa. Enzi za mama yangu hakuna aliyejua damu inasoma nini. Mtoto akilia tumbo alipewa tangawizi, akisahau maneno aliitwa mvivu. Siku hizi kila mtoto wa chini ya miaka saba anatobolewa kidole kila miezi mitatu, na ikizidi tatu tu anapelekwa Makao Safi, mpaka nyumba yake ijulikane sumu imetoka wapi.

Risasi hii siyo ya bunduki. Ni madini laini ya kijivu yanayojificha kwenye rangi kuukuu za milango, kwenye sufuria za kusubu, kwenye betri. Mtu mzima akiyameza, mengi yanapita. Mtoto akilamba kidogo tu, mwili wake unayapokea kama maziwa, unayapeleka mfupani, na kichwani yanamfutia maneno kabla hajajifunza. Afisa Lukindo, yule binti wa Idara, alituambia hakuna kiasi kizuri cha risasi kwa mtoto, hata chembe.

Ndipo akatuachia Buku, mashine yao ya kunusa. Jina lake la kiofisi ni refu, lakini Tanga nzima inamwita Buku, maana ana ukubwa wa panya buku na pua ndefu kama yake. Kazi yake ni kukaa nyumbani kwa watu siku kumi na mbili anusenuse. Akipata chanzo, mambo yamekwisha. Asipopata, mtaa unakutana siku ya kumi na mbili, saa kumi alasiri, unapitisha kwa kunyoosha mikono, na yeyote anayeshika risasi ndani ya hatua mia mbili anahamishiwa Kambi ya Mafundi ng'ambo ya mto, yeye na jamaa yake. Mtoto anarudishwa siku hiyo hiyo.

Na ndani ya hatua mia mbili kutoka mlangoni petu alikuwepo mtu mmoja tu wa namna hiyo: Singano, fundi wa betri za jua.

"Nikutegee kitendawili, Buku?" nikamwambia, angalau muda usogee.

"Nitegee, Bibi."

"Asubuhi namfukuza kwa ufagio, jioni namkuta kakaa juu ya kabati."

Taa yake ya kichwani ikapepesa. "Paka."

"Paka gani! Vumbi, wewe! Kazi yako mwenyewe huijui?"

Salha akacheka, mara ya kwanza tangu gari jeupe liondoke. Halafu akaukandamiza uso kwenye kigauni cha manjano, na sikusikia tena kicheko.

2

Salha alikwenda bandarini kumalizia nusu zamu yake. Nikabaki na Buku na saa ya ukutani. Nikafagia palipofagiwa. Nikachemsha maziwa ambayo hayana mnywaji. Kisha nikakumbuka kwamba mtoto anarudi kutoka kwa watu wasiojulikana, siku kumi na mbili anatazamwa na macho ya kila namna, na mimi sijamtayarishia wanja.

Wanja wetu si wa dukani. Jiwe lake lilikuja kwa nyanya yake mama yangu, jeusi linalometa kama jicho la samaki, na linakaa Pangani kwa dada yangu pamoja na mawe ya kusagia. Mara mbili kwa mwaka nakwenda, tunasaga, tunatia masizi na mafuta ya mbarika, narudi na vichupa. Mtoto wa mtaa huu akifikisha arobaini naitwa mimi nimpake wa kwanza, mama yake anaachiwa kichupa cha kuendelea. Na kwetu wanja hauonyeshwi mgeni. Kichupa kinafungwa kwa nta, kinafungwa tena kwenye kitambaa, kinakaa kifuani, ndani ya sidiria.

Basi nikakitoa. Nikang'oa nta kwa kucha ili nione umebaki kiasi gani.

Buku alikuwa uvunguni. Alitoka kwa kishindo, akaganda mbele ya miguu yangu, pua juu. Taa yake ikawa nyekundu, akalia mlio ambao sikuwahi kuusikia, mwembamba, wa kukata meno.

"Nyamaza! Umepatwa na nini?"

"Bibi, umeshika nini?"

"Wanja wa mtoto."

"Ushushe kidogo, tafadhali."

Nikaushusha. Pua ikatetemeka. Akanusa mara tatu.

"Ndiyo huu," akasema. "Asili yake inafanana na ya risasi iliyomo kwenye damu ya Zamda. Tisini na nane kwa mia."

"Asili gani? Sema Kiswahili."

"Risasi ina ndugu wanne, Bibi. Wamefanana rangi na tabia, lakini wanapishana uzito kidogo sana. Mlima huu una wengi wa huyu, mlima ule una wengi wa yule. Nikiwahesabu ndugu, naujua mlima. Jiwe lako na damu ya Zamda ni mlima mmoja."

"Na betri za Singano?"

"Zimeyeyushwa mara nyingi, milima mingi imechanganyika. Ndiyo maana sikuweza kusema ni yeye, wala kusema siye."

Nikakaa chini bila kutafuta kiti. Zamda nilimpaka kila asubuhi. Ana tabia ya kufikicha macho, halafu dole gumba linakwenda mdomoni. Mimi nilikuwa namtania, namwambia hilo dole litayeyuka kama barafu.

"Siku zote hizi hukunusa?"

"Kichupa kilikuwa na nta, na mwili wa mtu sinusi. Na nilipoletwa, nyumba ilikuwa imeshasafishwa."

Kweli. Tulipoambiwa wageni wa Idara wanakuja, mimi na Salha tulipiga deki mpaka ukutani, mashuka ya mtoto, mto wake, vitambaa vyake, vyote tukavitia kwenye maji ya moto. Mgeni anakuja, nyumba ichafuke? Tukawa tumemfulia Buku ushahidi wote, tukamkaribisha kwa chai ambayo hanywi.

"Sasa utakwenda kusema."

"Siwezi. Kitu kilichotoka mwilini mwa mtu hakifiki Idara bila dole gumba la mwenyewe. Ni sheria ya staha." Akafungua kibao kidogo mgongoni, ndani kuna kioo cha ukubwa wa kifungo. "Ukiweka, Singano anabaki kwake, Zamda anarudi, wewe unaondoka. Miezi kumi na minane usimkaribie mtoto yeyote wa chini ya miaka saba, hatua ishirini, mpaka kucha, nguo na damu yako visafike."

"Nisipoweka?"

"Saa kumi wananichukua, nafutwa, napelekwa nyumba nyingine. Sitakumbuka hata kitendawili cha vumbi."

Nilitazama saa. Ilikuwa saa tano na robo.

3

Nilimpaka Mbwana, mwanangu wa kwanza. Huyo ndiye aliyenijia kichwani nilipokuwa njiani, kanga nimeifunga vibaya, mfuko wa plastiki mkononi. Mbwana alisoma miaka minne, herufi zikamkataa. Nilimpiga, jamani. Nilimwambia wenzio wana akili, wewe una nini humo ndani? Leo ana miaka arobaini na mbili, anabeba mizigo Pangani, na bado akitaka kusoma barua anampa mwanawe.

Lakini miguu haikuniruhusu kulia. Mwezi wa tano nilirudi na vichupa kumi na vinne, changu ukikitoa vilibaki kumi na vitatu, vyote vimo kwenye nyumba za watu. Nikajisemea: nitavikusanya kimya kimya. Wanja ukishaisha mtaani, nani atadhurika? Hapo kwa Singano nilikuwa nafumba jicho moja, najua.

Nyumba ya kwanza walinipa bila swali. Ya pili pia. "Umeingia maji," nawaambia, "nitawaletea mwingine." Mpaka adhuhuri mfuko una tisa. Wa kumi ulikuwa kwa Mkasi, Barabara ya Kumi na Moja, binti mwenye maneno mengi, yuko barazani ananyonyesha.

"Shikamoo, Bi Mwantumu. Mbona unahema kama umefukuzwa?"

"Marahaba. Nipe kile kichupa cha wanja, umeingia maji."

"Wanja wako uingie maji, tangu lini? Huu si wa mafuta ya mbarika? Umekaa kama wino!"

"Nipe tu, Mkasi."

"Sikupi." Akacheka, akamgeuza mtoto anione. "Mwangalie. Kazaliwa wa miezi saba, wote wakasema huyu hakai. Ukampaka wewe, akakaa. Leo nikimtoa nje watu wanauliza, mtoto huyu macho kayatoa kwa twiga? Halafu nikurudishie? Nikupe na mtoto mwenyewe!"

Mtoto alinitazama na macho yale niliyoyachora mimi. Akafikicha moja. Ngumi ikaenda mdomoni.

Niliudaka ule mkono nikaufuta kwa pindo la kanga, nikafuta tena.

"Bibi! Unamfuta hivyo, kwani kashika kinyesi?"

"Mkasi, unadhuru."

"Nani kakwambia?"

"Basi tu."

"Basi tu haitoshi, Bibi yangu. Wifi yangu kakutuma, anautaka yeye, eti? Mwambie aje mwenyewe." Akakichomeka kichupa kifuani, ndani kabisa, kama nilivyomfundisha.

Wawili waliofuata nao walikataa. Mmoja alijifanya kakipoteza, nami nakiona kilivyotuna kwenye blauzi. Wa mwisho alikuwa safarini Korogwe, kaondoka nacho. Wanaupenda mkono wangu, ndiyo shida. Ningekuwa mchawi wangekitupa bila kuombwa.

Njia ya kurudi inapita kwa Singano. Nilitaka kupita haraka, akaniona.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Unafanya nini?"

"Nafunga vyombo. Nikingoja waniambie, nitaacha nusu." Alikuwa anapanga makoleo ndani ya sanduku, kila moja limefungwa kwa gazeti. Pale mlangoni pa karakana kuna bomba la kuogea. Singano haingii ndani kwake na nguo za kazi hata siku ya mvua, na watu walikuwa wanamcheka kwa hilo. "Zamda anarudi leo, Mungu akipenda."

"Anarudi."

"Mpe pole yake. Mimi sijui risasi yangu ilimfikiaje. Nimefikiri mpaka nimechoka. Labda upepo." Akanyoosha kidevu barazani, alikokaa binti yake, Sikudhani. "Yule damu yake inasoma moja. Niliwaonyesha cheti. Wakasema nimempa dawa."

Sikudhani alikuwa anacheza mdako peke yake. Anarusha kokoto, anadaka, halafu anahamia upande wa pili wa shimo, anarusha kwa niaba ya mwenzake ambaye hayupo. Akakosa kwa makusudi, ili yule asiyekuwepo naye ashinde.

Nikamwambia Singano nina haraka.

4

Salha alinikuta chooni, mfuko wa vichupa mkononi, sijui niutupe au nisiutupe. Nikamwambia yote nimesimama pale pale. Buku alisimama mlangoni, taa ya kijani, kama hayamhusu.

Salha hakupiga kelele. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akafikiri kama mtu anayepanga mizigo melini.

"Umeweka dole?"

"Bado."

"Usiweke."

"Salha."

"Mama, sikiliza. Huo wanja utupe. Saa kumi watasema Singano, saa kumi na nusu mwanangu yuko mikononi mwangu, na hakuna atakayempaka tena. Amepona. Umemponya wewe mwenyewe, leo. Unataka nini zaidi?"

"Na wa Mkasi?"

"Nitakwenda kumwibia mimi! Kesho!" Sauti ikampasuka. "Nani atakaa na Zamda nikiwa bandarini? Nitamwachia nani, ukuta? Miezi kumi na minane! Usiku anakamata sikio lako ndipo alale, siyo langu. Hilo unalijua."

Nalijua. Sikio la kushoto. Analipindapinda mpaka linauma, na tangu aondoke lilikuwa linawasha kama linaulizia.

"Mtoto wa Singano anacheza na hewa," nikasema.

"Watapata mahali. Kambi ina nyumba, ina shule."

"Ina nini tena? Ina mama zake wa mtaani? Ina bibi zake?"

Akanishika mikono yote miwili. "Mama. Hukujua. Bibi yako hakujua. Mtu aadhibiwe kwa alichokuwa hakijui?"

"Mpaka saa tano asubuhi nilikuwa sijui," nikamwambia. "Sasa ni saa tisa."

Aliniachia mikono. Akaitazama yake mwenyewe, viganja juu, kisha akainuka, akaenda bombani akaiosha kwa sabuni. Nadhani hakukusudia nione. Lakini niliona, na maneno yake yote yakapungua uzito.

5

Watu walikuwa wamejaa kwenye kiwanja cha tangi la maji. Buku nilimbeba mwenyewe, maana mwenye nyumba ndiye anayemrudisha. Mzito kama mtoto wa mwaka mmoja.

Afisa Lukindo alisoma haraka, kama mtu asiyependa anachokisoma. "Nyumba ya Bi Mwantumu, Barabara ya Kumi na Tatu. Chanzo hakikuonekana. Kwa kanuni, mwenye kushika risasi aliye karibu ni Bwana Singano. Kabla mikono haijanyooshwa, kuna mwenye neno?"

Pindo la kanga yangu likavutwa. Salha. Hakuvuta kwa nguvu.

"Mimi ninalo," nikasema. "Siyo Singano. Ni mimi. Ni wanja wangu."

Kicheko kikapita kiwanjani.

"Bi Mwantumu, huruma hiyo imezidi sasa!" Mkasi alipaza sauti kutoka nyuma. "Mnamwona? Ndiyo maana kutwa anatunyang'anya vichupa. Anamtafutia Singano njia!"

"Bibi, keti," mzee mmoja akasema. "Jua kali."

Kumbe ningeweza kutoaminika, na hilo nilikuwa sijaliwazia kabisa. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi. Nikamweka Buku juu ya meza ya afisa, nikatoa kichupa changu mbele ya wanaume na wanawake, nikachovya kidole, nikakipeleka kwenye pua.

Mlio ule uliwafanya watoto wazibe masikio.

"Mashine imeharibika hiyo," mtu akasema.

"Haijaharibika," akajibu Afisa Lukindo. Alikuwa amesimama. "Buku, asili?"

"Sijaruhusiwa kutamka bila dole gumba."

Kabla sijanyanyua dole, Mkasi alishafika mezani, mtoto begani. Hakucheka tena. Alilamba pindo la kanga yake, akamfuta mtoto jicho moja, polepole, akamwekea Buku lile doa jeusi mbele ya pua.

Nyekundu.

Akafuta jicho la pili, kama vile la pili lingeweza kusema vingine. Nyekundu.

"Kila asubuhi," Mkasi akasema. Hakuniambia mimi, alikuwa anaiambia kanga. "Kila asubuhi, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu."

"Kwa mkono wangu mimi," nikamwambia. "Wewe nilikuachia kijiti tu."

Akaingiza mkono kifuani akatoa kichupa, akakiweka mezani. Yule aliyekipoteza akakiona ghafla. Wanawake wakawa wanakuja, wengine na vichupa vya miaka mitatu, vya miaka kumi, vilivyobaki na ukoko tu, vya watoto ambao sasa wana ndevu. Hakuna aliyenitukana. Mmoja, mwenye mtoto asiyeweza kuhesabu mpaka ishirini, alinitazama tu alipokuwa anaweka chake, na yale macho nitakwenda nayo kaburini.

Nikaweka dole gumba kwenye kioo. Kilikuwa cha baridi.

Singano alibaki amesimama karibu na sanduku lake la makoleo. Nilimwendea. Nilikuwa nangoja aseme asante, nitasema kweli, nilikuwa naingoja.

"Mchana ulipita kwangu," akasema.

"Nilipita."

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, baba."

"Siku kumi na mbili mwanangu hajaitwa na mtu kucheza, Bibi. Hizo ulikuwa huzijui, nakusamehe. Lakini mchana ulipita." Akainama akaanza kufungua magazeti kwenye makoleo, moja baada ya jingine, na hakuniangalia tena.

Afisa Lukindo aliniita mezani, akaniwekea stuli hatua kadhaa mbali na akina mama wenye watoto. Alikuwa mpole. Alitaka majina ya wote niliowapaka tangu nianze, waliokua na waliohama, ili Idara iwatafute.

"Unawakumbuka, Bibi?"

"Wote."

"Hata wa zamani?"

"Mtoto uliyemtia wanja siku ya arobaini humsahau. Andika."

Niliwataja mmoja mmoja. Nilipofika wa thelathini na saba tukasikia honi.

6

Gari jeupe lilisimama upande wa pili wa kiwanja. Afisa Lukindo aliniomba nisogee, akanionyesha mahali kwa mkono, akahesabu hatua mwenyewe mpaka ishirini. Nikasimama kwenye mdomo wa Barabara ya Kumi na Tatu, mikono nyuma.

Zamda alishushwa na dada mwenye glavu. Amenenepa kidogo. Nywele zimesukwa na mtu asiyejua kusuka. Uso umeoshwa mpaka unang'aa, na macho yake yalikuwa meupe pembeni, matupu, madogo kuliko nilivyozoea. Sikuwahi kuyaona bila wanja tangu ana siku arobaini. Yalikuwa mazuri. Yalikuwa mazuri tu hivyo hivyo.

Salha alikuwa amepiga magoti, mikono wazi. Zamda alimkumbatia, akambusu shavu, halafu juu ya bega la mama yake akaniona.

"Bibi!"

"Zamda, kaa hapa," Salha akasema, lakini mtoto alishachomoka kwapani.

Anakuja. Kandambili moja imemtoka, hajali. Nikarudi nyuma hatua moja.

Akasimama, akanitazama, akafikiri. Kisha uso wote ukafunguka. Alidhani ni mchezo.

"Nakukamata!"

Nikarudi hatua mbili. Akaja mbili. Nikarudi tatu, akapiga kelele za furaha, akaja mbio, na hatua zake ndogo ni nyingi kuliko zangu. Kumi na tano. Kumi na mbili. Nilimsikia Salha anakuja nyuma yake, nilimsikia Afisa Lukindo ananiita, lakini mtoto alikuwa karibu kuliko wote, kanyoosha mkono tayari, mkono wa kushika sikio.

Nina miaka sitini na tisa na goti moja bovu. Nikapandisha kanga juu ya magoti mbele ya mtaa mzima, nikageuka, nikakimbia. Nyuma yangu Zamda alikuwa anacheka.